Mbegu ya Bamia: Kwa Nini Husita Kuota, na Kwa Nini Mbamia Huacha Kuzaa

Aliyepata kupanda bamia katika bustani ya nyumbani au ya shule aghalabu amekutana na jambo hili. Mashimo yote yamechimbwa siku moja, mbegu zote zimetoka katika pakiti moja, na maji yamemwagwa sawasawa. Lakini baada ya juma moja mashimo machache tu ndiyo yenye miche. Mengine hufuata katika juma la pili, na mengine hubaki matupu hata mwenye bustani akakata tamaa na kupanda upya. Miezi miwili baadaye, bamia zinapopatikana kwa wingi, mtu huyo huyo husafiri kwa siku kumi, na arudipo huikuta mibamia yake imejaa matunda marefu, magumu kama vijiti, na maua yamepungua. Katika tukio la kwanza lawama humwangukia muuza mbegu. Katika la pili hulaumiwa jua, au udongo uliochoka. Mara nyingi wote hao hawana hatia.

Nakusudia kueleza hapa kwamba matukio hayo mawili yana asili moja. Mbamia, kama mimea mingine itoayo mbegu, una kazi moja iliyo kuu kuliko zote, nayo ni kuacha mbegu hai zitakazoshika mahali pake. Mkulima hana haja na jambo hilo. Yeye ataka mbegu zote ziote kwa pamoja. Ataka tunda likiwa bado changa, kabla mbegu zilizomo hazijakomaa. Tena ataka mmea uendelee kuzaa miezi mingi. Karibu kila kazi ya bustani ya bamia, tangu kuloweka mbegu hadi kuchuma, ni njia ya kupatanisha matakwa hayo yanayopingana. Mwanafunzi akilielewa hilo, hahitaji kukariri kanuni nyingi.

Kwanza tuutambue mmea wenyewe. Jina bamia tumelipata katika Kiarabu, na mmea wake twauita mbamia. Waingereza huiita okra, neno lililotoka katika lugha ya Kiigbo ya Nijeria. Na jina gumbo, litumikalo kusini mwa Marekani, lina asili ya Kibantu kutoka Angola, likavuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani. Linnaeus aliuweka mmea huu katika jenasi ya Hibiscus mwaka 1753. Moench akauhamisha mwaka 1794, na tangu hapo jina lake la kisayansi ni Abelmoschus esculentus. Asili yake ya kwanza, kama ni Bara Hindi au Afrika upande wa Ethiopia, wataalamu hawajakubaliana. Lisilo na ubishi ni ukoo wake: ni ndugu wa pamba na wa choya, na kwa uainishaji wa siku hizi hata mbuyu na mkakao wamo katika familia hiyo hiyo ya Malvaceae. Undugu huo na pamba si pambo la vitabuni, maana tutaona kwamba ndugu hawa hushiriki hata maadui.

Ganda la mbegu

Chukua mbegu ya bamia kavu uiweke kiganjani. Ni ya mviringo, rangi yake kijivu yenye ukijani, na ukubwa wake waweza kulinganishwa na punje ya pilipili manga. Mbegu 1,000 huwa na uzito wa gramu 50 hadi 70 hivi. Ukiiuma ni ngumu sana. Chini ya ngozi ya nje ya ganda hilo mna tabaka la seli ndefu, zenye kuta nene, zilizosimama zikibanana bega kwa bega kama miti ya boma. Mbegu inapokauka, seli hizo hubanana zaidi, na katika baadhi ya mbegu hubanana kiasi cha kuyazuia kabisa maji yasiingie. Kiinitete kilichomo ndani ki hai, kina chakula chake, lakini hakina maji, na bila maji vimeng'enya haviwezi kuanza kazi ya kuyeyusha chakula hicho.

Kwa mmea unaojiotea porini, hali hiyo ni akiba kubwa. Tuseme mbegu zote zingeota kwa mvua ya kwanza, kisha ukame ukafuata kwa majuma matatu: uzao mzima ungekufa. Lakini mbegu zikiwa na maganda ya ugumu mbalimbali, baadhi zitaota leo, nyingine baada ya mvua kadhaa, nyingine msimu ujao baada ya ganda kulegezwa na joto, baridi na vijidudu vya udongoni. Mmea haukuweka mayai yote katika tenga moja. Kwa mkulima, hata hivyo, akiba hiyo ni mashimo matupu.

Dawa yake ni nyepesi na haigharimu fedha. Loweka mbegu katika maji ya uvuguvugu kuanzia jioni hadi asubuhi, yaani saa 12 hivi, na kwa vyovyote zisizidi saa 24. Kuna wanaodhani kwamba kuloweka siku mbili au tatu ni bora zaidi. Sivyo, kwa sababu mbegu iliyokwisha kunywa maji huanza kupumua kwa nguvu, na oksijeni iliyomo majini ni chache. Mbegu hiyo hufa kwa kukosa hewa, si kwa ugumu wa ganda. Asubuhi zitazame: zilizovimba zimekunywa maji na ziko tayari kupandwa mara moja. Zilizobaki ndogo na ngumu kama zilivyokuwa jana ndizo zenye ganda lililofungwa. Zikwaruze kidogo kwa msasa, au uzisugue baina ya vipande viwili vya msasa, mpaka rangi ya ganda ianze kufifia mahali fulani, kisha uziloweke tena. Katika maabara za utafiti watu hutumia asidi kali ya salfa kwa kazi hiyo. Shuleni msasa watosha, na vidole vya wanafunzi vitabaki salama.

Hapa natoa onyo moja kwa mwalimu. Mbegu nyingi za dukani zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na huonekana kwa rangi isiyo ya asili, nyekundu, waridi au kijani kibichi. Mbegu za namna hiyo zisikwaruzwe na wanafunzi, wala maji yake yasimwagwe wanapokunywa kuku. Kwa majaribio ya darasani tumia mbegu zisizotiwa dawa.

Sharti la pili la kuota ni joto la udongo. J. F. Harrington wa Chuo Kikuu cha California alipima siku ambazo mbegu za mboga mbalimbali huchukua kuchomoza katika halijoto tofauti. Kwa bamia, udongo wenye nyuzi 15 za Selsiasi huchukua siku 27 hivi. Nyuzi 20, siku 17. Nyuzi 25, siku 12 au 13. Nyuzi 30, siku 7. Na nyuzi 35, siku 6. Tofauti kati ya 15 na 35 ni zaidi ya mara nne, na katika siku hizo zote za kungoja mbegu imo hatarini kuoza au kuliwa. Hii ndiyo sababu bamia ni mboga ya pwani na ya mabonde yenye joto, na ndiyo sababu mwalimu wa Njombe asishangae akipanda mwezi wa Julai na kukaa karibu mwezi mzima bila kuona kitu. Huko Ulaya, nilikosomea shahada yangu ya uzamivu, mbamia ni mmea wa nyumba za vioo zilizopashwa moto; gharama ya joto tulilopewa bure hapa ilikuwa kubwa kuliko thamani ya bamia zenyewe.

Iliyosita na iliyokufa

Zikiwapo mbegu zisizoota, hatuna budi kuuliza: je, zimekufa, au zimesita tu? Majibu mawili haya yanataka hatua mbili tofauti. Mbegu zilizokufa hutupwa, zilizosita hukwaruzwa. Mkulima asiyeweza kuzitofautisha hutupa mbegu hai na kwenda kununua nyingine, na kama zile za kwanza zilikuwa mbegu za bibi yake, zisizouzwa dukani popote, basi amepoteza kitu asichoweza kukinunua.

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa na darasa lolote. Chukua mbegu 100 za kundi moja, uzigawe mafungu manne ya mbegu 25. Fungu la kwanza liachwe lilivyo. La pili lilowekwe usiku mmoja. La tatu likwaruzwe kwa msasa. La nne likwaruzwe kisha lilowekwe. Kila fungu lipangwe juu ya kitambaa cha pamba chenye maji, kikunjwe, kiwekwe katika mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, mahali penye joto. Hesabuni kila siku mbegu zilizotoa mzizi, muzitoe, muandike. Baada ya siku 14 zichunguzeni zilizobaki. Iliyokufa huwa imevimba, ni laini, ukiibonyeza hutoa uji, na mara nyingi ina ukungu. Iliyosita ni ngumu na kavu ndani kama siku ya kwanza. Matokeo ya darasa lako siwezi kuyatabiri, kwa kuwa makundi ya mbegu hutofautiana sana. Mafungu yote manne yakiota vizuri kwa kasi moja, kundi hilo halikuwa na ugumu. Yote manne yakiota vibaya na mabaki yakawa laini, mbegu zilikuwa zimezeeka. Fungu la kwanza likiota vibaya na la nne vizuri, ganda ndilo lililokuwa mlango.

Jambo jingine ambalo walimu wa hisabati watalifurahia ni idadi. Mtu akijaribu mbegu 10 tu na 7 zikaota, asiseme kwa uhakika kwamba uotaji wa kundi lake ni asilimia 70. Kwa kanuni za takwimu, matokeo hayo yapatana na kundi ambalo uotaji wake halisi ni wowote kati ya asilimia 35 na 93, kwa uhakika wa asilimia 95. Akijaribu mbegu 100 na 70 zikaota, upana huo hupungua kuwa kati ya 60 na 79 hivi. Mbegu 10 zatosha kutuambia kama kundi limekufa kabisa. Hazitoshi kulinganisha wauza mbegu wawili.

Na tukishajua uotaji, twaweza kukadiria mbegu za kutia katika kila shimo. Tuseme uotaji ni asilimia 60. Uwezekano wa mbegu moja kutoota ni 0.4. Ukitia mbegu mbili, uwezekano wa shimo kubaki tupu ni 0.4 × 0.4, yaani 0.16, au mashimo 16 kati ya 100. Ukitia tatu, ni 0.064, mashimo 6 hivi. Ukiwa na kundi lenye uotaji wa asilimia 85, mbegu mbili tu zakuletea mashimo matupu 2 kati ya 100, na ya tatu ni hasara. Desturi ya wazee ya kutia mbegu tatu haikuwa ya kubahatisha.

Kuhusu upandaji wenyewe sina mengi, maana vitabu vya kilimo vimeeleza vya kutosha. Mbamia hauna tabia ya kupenda kuhamishwa, kwa sababu mzizi wake mkuu huchimba chini upesi na ukikatika mmea hudumaa. Kwa hiyo panda mbegu moja kwa moja bustanini, kina cha sentimita 2 hivi. Acha sentimita 60 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo. Kwa nafasi hiyo kitalu cha mita 6 kwa mita 3 huchukua mistari 5 ya mashimo 20, yaani mibamia 100, na kwa mbegu tatu kila shimo utahitaji mbegu 300, ambazo ni gramu 15 hadi 21 tu. Tia samadi iliyooza vizuri, kilo 2 hadi 3 kwa kila mita mraba, na usizidishe naitrojeni, la sivyo utapata majani mapana ya kupendeza na maua ya kuchelewa. Miche ikifikia urefu wa kidole, acha mmoja ulio bora katika kila shimo. Mingine ikate kwa mkasi badala ya kuing'oa, ili mizizi ya mwenzake isitikisike.

Ua la siku moja na tunda la siku tano

Baada ya siku 40 hadi 60, kwa kutegemea aina na joto, ua la kwanza hufunguka. Ni ua zuri, lenye petali tano za manjano na kiini cha zambarau iliyoiva, na mwanafunzi aliyekwisha kuona ua la pamba atawatambua ndugu mara moja. Stameni zimeungana kuwa mrija unaolizunguka shina la stigma. Hufunguka asubuhi, mchana hufunga, na kwa kawaida halifunguki tena. Kwa kuwa chavua na stigma ziko karibu sana, ua laweza kujichavusha lenyewe. Lakini nyuki hulitembelea, na sehemu ya mbegu huwa imetungwa kwa chavua ya mmea mwingine. Vipimo vya nchi mbalimbali hutofautiana, aghalabu kati ya asilimia 4 na 19, na pengine hupita 40. Tuliweke jambo hili akilini, tutalihitaji mbele.

Tangu ua lifunguke, tunda hukua kwa kasi ya ajabu. Siku ya nne hadi ya sita limefikia sentimita 7 hadi 10, nalo ni laini, na ncha yake ikikunjwa huvunjika kwa mlio. Baada ya hapo nyuzi katika kuta zake huanza kujazwa lignini, dutu ile ile inayougumisha mti, ili kuzilinda mbegu zinazokua ndani. Siku mbili au tatu za uzembe hutosha kugeuza mboga kuwa kamba. Basi bamia huchumwa kila baada ya siku moja, kwa kisu, na mchumaji avae mikono mirefu au glavu, kwa kuwa vinyweleo vya mbamia huwasha.

Lakini uchumaji si wa kutafuta ulaini pekee. Mbegu zinazokomaa ndani ya tunda huvuta sukari na naitrojeni kutoka mmea mzima, na kadiri zinavyoongezeka, machipukizi mapya hunyimwa, na maua hupungua. Mmea umekwisha kufanya kazi yake, hauna sababu ya kujisumbua zaidi. Ukichuma tunda kabla mbegu hazijakomaa, mmea hubaki kama mwenye deni ambalo halijalipwa, ukaendelea kukua juu na kutoa ua jipya kwenye kila kifundo. Jambo hili huonekana pia katika maharage mabichi na matango. Walimu waweza kulionyesha kwa mistari miwili: mmoja uchumwe kila baada ya siku moja, wa pili uachiwe matunda manne ya kwanza yakomae katika kila mmea, kisha wanafunzi wahesabu maua mapya ya kila juma. Ni jaribio la majuma sita lisilohitaji chombo chochote ila daftari.

Uchumaji huu wa mara kwa mara unatulazimisha kufikiri upya kuhusu dawa za wadudu. Dawa nyingi zina muda wa kungoja kati ya kunyunyizia na kuchuma, na muda huo mara nyingi ni mrefu kuliko siku mbili. Anayenyunyizia mibamia inayozaa ana njia mbili tu za haki: kuyatupa matunda yote yatakayopita umri katika muda huo, au kutonyunyizia. Wapo, kwa bahati mbaya, wanaochagua njia ya tatu, na mlaji hawezi kuijua kwa macho. Katika bustani ya nyumbani vidukari huondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo, na matunda yaliyotobolewa na funza wa vitumba, ambaye hushambulia pia pamba, huchumwa na kuzikwa au kuchomwa. Adui mbaya kuliko hao haonekani: ni minyoo fundo wa udongoni. Mmea ukinyauka mchana ilhali udongo una maji, ung'oe uitazame mizizi. Vinundu vya minyoo ni sehemu ya mzizi wenyewe uliovimba na haviwezi kubanduliwa. Vinundu vya bakteria vya kunde na maharage, ambavyo wanafunzi huvichanganya navyo, vimebandikwa kando ya mzizi na hutoka kwa kidole. Mahali hapo usipande tena bamia, wala nyanya, wala biringanya, kwa misimu kadhaa.

Wapishi hupenda kuniuliza juu ya ule utelezi, nami nitajibu kwa ufupi. Ute wa bamia ni molekuli ndefu za kabohaidreti, ambamo mna asidi ya galakturoniki, zenye chaji zinazosukumana, hivyo hunyooka majini na kuyafanya mazito. Ukitia ndimu, ukwaju au nyanya, asidi hupunguza chaji hizo, molekuli hujikunja, na mchuzi hupungua utelezi. Apendaye mlenda hutenda kinyume: hutia magadi, ambayo hulegeza kuta za seli na kuutoa ute nje. Mapishi yote mawili yana hekima yake, isipokuwa magadi yakizidi huharibu vitamini C, na bamia mbichi ina miligramu 23 hivi za vitamini hiyo katika kila gramu 100. Itakuwa hasara kuipoteza yote chunguni.

Kuweka mbegu ya msimu ujao

Sasa turudi kwenye mbegu, maana hapa ndipo makosa ya watu wengi hutokea. Desturi iliyoenea ni hii: msimu mzima watu huchuma na kula bamia bora, na mwisho wa msimu matunda yaliyosahaulika, yaliyokauka penye majani, ndiyo hukusanywa kuwa mbegu. Bila kukusudia, mwenye bustani amefanya uchaguzi. Amechagua mimea iliyozaa kwa kuchelewa, au iliyojificha, au iliyokuwa na matunda magumu yasiyovutia. Akifanya hivyo miaka kumi, asishangae mbegu yake ikionekana kuchoka.

Utaratibu bora unatokana na yale tuliyokwisha kuyaona. Kwa kuwa tunda linalokomaa hupunguza uzazi wa mmea wake, si busara kuacha tunda moja la mbegu katika kila mbamia, maana mimea yote 100 itapungukiwa. Afadhali kuitoa mimea kumi mapema, iliyo na afya, isiyo na dalili za virusi, iliyowahi kuzaa na yenye matunda unayoyapenda, kuifunga utepe, na kutoichuma kabisa. Ile 90 iendelee kuchumwa bila huruma. Mimea kumi ni bora kuliko mmoja, hata kama mmoja wangetosha mbegu 300, kwa sababu katika kumi mna urithi mpana zaidi.

Hapa nyuki warudi katika hesabu. Jirani akiwa amepanda aina nyingine ya bamia, sehemu ya mbegu zako itakuwa chotara. Bustani za mijini haziwezi kutengana kwa mamia ya mita, lakini ua la siku moja lina faida yake: jioni, tumba linalotazamiwa kufunguka kesho, ambalo ncha yake imeanza kuonyesha manjano, lifunge kwa uzi laini au livishe mfuko mdogo wa karatasi. Litajichavusha lenyewe ndani. Kesho yake jioni litie alama ya uzi wa rangi kwenye kikonyo. Matunda kumi au kumi na tano ya namna hiyo yatosha kitalu chetu.

Lazima pia ijulikane mbegu ya kwanza ilikuwa ya namna gani. Aina kama Clemson Spineless, iliyotolewa Marekani mwaka 1939 na ambayo bado huuzwa madukani kwetu, huzaa watoto wafananao na wazazi ikilindwa na chavua ya kigeni. Pakiti iliyoandikwa F1 ni habari nyingine: ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili tofauti, na mbegu zake zikipandwa, sifa hutawanyika kama alivyoonyesha Mendel kwa njegere zake. Si kwamba hazitaota. Zitaota, ila zitakuwa mchanganyiko, mirefu na mifupi, yenye miiba na isiyo na miiba. Kwa somo la urithi katika Kidato cha Nne ni hazina. Kwa mkulima anayepeleka sokoni bamia za aina moja ni hasara.

Tunda la mbegu liache mtini mpaka ligeuke kahawia na mifereji yake ianze kupasuka, mara nyingi zaidi ya siku 35 tangu ua. Likikaa sana baada ya hapo, kangambili, yule mdudu mwekundu wa pamba, ataingiza mdomo wake kwenye nyufa na kuzifyonza mbegu. Pukusa mbegu, zipepete, zianike kivulini penye upepo. Bati la moto halifai.

Kisha hifadhi. Huyo huyo Harrington alitoa kanuni mbili zinazosaidia kukadiria umri wa mbegu nyingi: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka maradufu, na kila halijoto inapopungua kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, huongezeka maradufu tena. Kwa kanuni hizo, mbegu iliyowekwa katika kikopo wazi jikoni, Tanga au Dar es Salaam, penye joto na unyevu wa pwani, huzeeka kwa kasi kubwa, na yaweza kuwa imekufa nusu yake kabla ya msimu wa pili. Itie katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, chini ukiweka mkaa mkavu uliopondwa au mchele uliokaangwa ukapoa, ambao hufyonza unyevu. Iweke mahali penye giza na baridi kuliko penginepo nyumbani. Mtungi wa maji una jirani mzuri ubavuni pake.

Msomaji makini ataona hapa ugumu fulani. Ukavu ule ule unaorefusha maisha ya mbegu ndio unaolibana ganda na kuifanya isite. Baadhi ya watu, walipoona mbegu zao zilizokaushwa vizuri hazioti upesi, walihitimu kwamba kukausha huua, wakarudia kikopo cha jikoni. Walikosea kwa kusoma kusita kama kifo. Kausha vizuri, na siku ya kupanda tumia maji na msasa.

Juu ya chupa bandika karatasi yenye jina la aina, mahali mbegu ilipotoka, na mwezi wa kuvunwa. Majuma matatu kabla ya mvua za vuli toa mbegu 50, uzijaribu kwa kitambaa kama ilivyoelezwa, nusu zilizokwaruzwa na nusu zilizoachwa, uandike idadi zote mbili kwenye karatasi hiyo hiyo. Hapo utajua mbegu ngapi utie katika shimo, na kama msasa utahitajika.